Nani Aliyegeuza Uso? Hotuba kwa Wazazi na Walimu Kuhusu Ubishi wa Baada ya Mtihani

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita katika mkutano wa wazazi na walimu hapa Morogoro. Wazazi kadhaa hawakuweza kufika kwa sababu ya mvua, wakaomba maneno yawafikie kwa maandishi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, na mwishoni nimeongeza jambo moja lililotokea nilipokwisha kuzungumza.

Ndugu Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wanafunzi wa darasa la saba mliokaa pale chini ya dirisha mkidhani sijawaona: shikamooni wazee, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya mtihani wa Kiswahili, hasa sehemu ya ufahamu, ambayo watoto wetu wengi huipotezea alama. Nadhani mlitarajia nije na mbinu za kufaulu. Ninazo chache, lakini leo sitazisema. Nataka kuzungumza juu ya dakika arobaini ambazo hakuna mtu anayezisahihisha, wala hazina msimamizi, na sisi walimu tumezoea kuzifukuza kwa fimbo. Ni zile dakika za baada ya mtihani, watoto wanapotoka chumbani na kuanza kubishana: wewe swali la thelathini na nne umeweka nini?

Ndugu zangu, mimi nimewatawanya watoto hao kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa nikiwaambia, "Mtihani umekwisha, nendeni nyumbani, mnaumizana roho bure." Nilidhani ninawaonea huruma. Mwaka jana niliacha, na sababu ya kuacha ni swali nililolitunga mwenyewe.

Ulikuwa mtihani wa utamilifu, au moko kama watoto wanavyouita. Habari ya ufahamu niliiandika jikoni kwangu saa nne ya usiku, baada ya kusahihisha madaftari mpaka macho yakawa yanawasha. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba asubuhi mama alimwambia Juma, "Leo ni kitabu tu." Kisha ikaendelea hivi, na naomba mnisikilize kwa makini: "Mvua ilipoanza kunyesha, Juma alifunga kitabu chake, akachukua turubai, akakimbilia stendi alikokuwa mama yake akiuza maandazi. Mama alipomwona amelowa chapachapa alimwuliza, 'Nani kakutuma?' Akageuza uso upande wa barabara. Maandazi hayakulowa hata moja."

Swali likawa: kitendo cha kugeuza uso kinaonyesha hisia gani? A hasira, B aibu, C huzuni, D furaha, E woga. Jibu langu katika mwongozo wa usahihishaji lilikuwa A. Mama alikataza, mtoto akavunja agizo, mama akakasirika. Sikuona tatizo lolote, nikalala.

Siku ya mtihani, watoto walipotoka, wakakusanyika chini ya mwarobaini kama kawaida yao. Nilikuwa nimebeba bahasha ya karatasi za majibu, nikapita karibu yao ili niwafukuze, nikasikia jina la Juma. Nikasimama. Mvulana mmoja alikuwa akisema kwamba ni hasira tu, jambo liko wazi, mama alishasema leo ni kitabu tu. Msichana mmoja, ambaye mama yake huuza samaki stendi ya Msamvu, akamjibu kwamba yeye ameweka furaha. Wenzake wakacheka. Akasubiri kicheko kiishe, kisha akasema, na maneno haya ninayakumbuka, "Mama yangu akifurahi sana hatutazami. Hugeuka pembeni, ili tusimwone akilia."

Kicheko kikakatika. Mvulana yule wa kwanza hakukubali. Akasema kwamba mama aliuliza "Nani kakutuma?", na hayo ni maneno ya ukali. Msichana akamwambia, "Inategemea umeyasema vipi." Ndugu zangu, hebu jaribuni wenyewe. Semeni "Nani kakutuma?" kama mtu aliyekasirika. Sasa semeni kama mtu ambaye koo limembana. Je, maneno yamebadilika? Herufi ni zilezile. Watoto walikaa pale wakiyasema maneno mawili kwa sauti saba tofauti, na mimi, mwalimu wa Kiswahili, nimesimama na bahasha yangu, nikitambua kwamba katika darasa langu hawajawahi kusoma sentensi moja kwa uangalifu wa namna hiyo.

Wa tatu akadai kwamba habari ilisema mama "alimgeuzia mgongo", kwa hiyo hapana furaha hapo. Wakabishana kama ni mgongo au uso. Mmoja akakimbia darasani kuchukua karatasi ya maswali, akasoma kwa sauti: "Akageuza uso upande wa barabara." Mnaona tofauti? Kumgeuzia mtu mgongo ni kumdharau au kumkataa, lakini kugeuza uso kunaweza kuwa jambo jingine kabisa. Neno moja limepimwa, limerudiwa, likatazamwa kwenye karatasi, na hakuna mwalimu aliyewatuma kulitazama.

Ndipo akasema mvulana mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mzizi wa mti, mtoto ambaye kwa mwaka mzima huenda nilimsikia akizungumza mara nne. Akauliza, "Kwani aliyegeuza uso ni nani?"

Kimya. Mwenzake akamwambia, "Si mama?" Akajibu, "Wapi imeandikwa?"

Wazazi wenzangu, lugha yetu ina kiambishi kidogo sana, "a". Anakula, alikuja, akageuza. Kiambishi hicho hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke, mama au mwana. Katika habari yangu mama anauliza, kisha nikaweka alama ya kuuliza, halafu "akageuza uso". Mtu akiulizwa swali gumu, ni nani hugeuza uso, aliyeuliza au aliyeulizwa? Ikiwa ni Juma, basi jibu ni B, aibu, kwa sababu amevunja agizo la mama mbele ya abiria wa stendi. Alama ile ya kuuliza niliiweka mimi, saa nne ya usiku, na sikujua kwamba nimefungua mlango. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliuona akiwa amekaa juu ya mzizi.

Nilirudi ofisini nikaandika kwenye mwongozo wangu kwamba A, B na D zote zipewe alama, mradi habari haikatai. Wenzangu wengine hawakupendezwa, na ninawaelewa.

Ninawaelewa kwa sababu mtihani wa jibu moja haukubuniwa na mtu mbaya. Ulibuniwa kwa ajili ya haki. Frederick Kelly, mwalimu wa walimu katika chuo cha ualimu cha Emporia, jimbo la Kansas nchini Marekani, alichunguza alama zinazotolewa na walimu, akaona kwamba kazi ileile mwalimu mmoja huipa alama za juu na mwingine akaiangusha. Mwaka 1915 akatoa mtihani wa kusoma kimyakimya ambao kila swali lilitungwa ili liwe na jibu moja tu, hata msahihishaji mchovu au mwenye chuki asiweze kulipindisha. Huo ndio unaotajwa mara nyingi kuwa chanzo cha maswali ya kuchagua jibu. Naomba mlishike hili: mtihani wa kuchagua ulizaliwa ukiwa mtihani wa kusoma, na ulizaliwa ili kuondoa ubishi.

Nasi tunauhitaji. Watoto zaidi ya milioni moja wa nchi hii huketi siku zilezile mbele ya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, na Baraza la Mitihani lazima liwapime wote kwa mizani moja. Mtoto wa Ifakara na wa Oysterbay wanaweka kivuli kwa penseli ileile ya HB, na mashine inayosoma kivuli hicho haijui baba wa nani ana gari. Hilo si jambo dogo, na anayetaka kulifuta kwa maneno matamu hajui tulikotoka.

Lakini tazameni mfano wa swali maarufu la mtihani ule wa Kansas. Mtoto alipewa majina ya wanyama wanne: ng'ombe, chui milia, panya na mbwa mwitu. Akaambiwa azungushie mstari jina la mnyama mwenye manufaa shambani. Rahisi, sivyo? Ni ng'ombe. Sasa lileteni swali hilo hapa Morogoro. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na kunusa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Nilipowapa wanafunzi wangu swali la Kansas, mtoto wa kwanza kunyoosha mkono alisema, "Panya, kama shamba lina mabomu." Je, nimkosoe? Mashine ingemkosoa. Mimi nilicheka mpaka nikakaa.

Jambo jingine ni hili. Miaka miwili tu baada ya mtihani wa Kelly, yaani mwaka 1917, msomi mwingine wa Marekani, Edward Thorndike, alichapisha uchunguzi wa makosa ya watoto katika kusoma aya fupi. Aya mojawapo ilieleza lini mtoto wa mji uitwao Franklin analazimika kwenda shule na lini anasamehewa. Watoto walipoulizwa aya inahusu nini kwa jumla, wapo walioandika neno moja: Franklin. Walikuwa wameisoma, na maneno waliyajua. Neno moja lenye kung'aa ndilo lililowateka, mengine yote yakapotea. Thorndike akasema kusoma ni kufikiri: msomaji lazima apime kila neno uzito wake, aliweke mahali pake, achague na kukataa. Ndugu zangu, watoto wa chini ya mwarobaini walikuwa wakifanya nini? Walipima "uso" dhidi ya "mgongo". Walimpima aliyebebwa na kile kiambishi "a".

Niruhusuni sasa nisimulie kisa cha nanasi, kwa sababu watoto wale pale dirishani nimewaahidi.

Mwezi Aprili 2012, wanafunzi wa darasa la nane katika jimbo la New York walifanya mtihani wa jimbo wa kusoma. Ndani yake mlikuwa na hadithi inayomfanyia mzaha yule sungura na kobe tunayemjua sote. Safari hii anayemwita sungura kwenye mbio ni nanasi. Nanasi linasema! Wanyama wanashangaa, wanafikiri lazima nanasi lina hila, haiwezekani litoe changamoto bure. Wanaamua kulishangilia. Mbio zinaanza, sungura anakimbia, nanasi halisogei hata inchi moja. Sungura anashinda. Wanyama wanalila nanasi. Na funzo la hadithi, lililoandikwa mwishoni, ni kwamba nanasi halina mikono ya shati.

Mnacheka. Nao walicheka, mpaka walipofika kwenye maswali. Kwa nini wanyama walilila nanasi: walikuwa wameudhika, au wenye njaa, au wamefurahishwa? Na je, mnyama yupi kati yao alikuwa na hekima kuliko wote? Watoto wa miaka kumi na tatu walitoka vyumbani wakibishana shuleni, kisha nyumbani, kisha kwenye intaneti, na ubishi huo ukafika magazetini. Watu wazima wakasoma hadithi, nao wakashindwa kukubaliana. Kamishna wa elimu wa jimbo, John King, akatangaza kwamba maswali ya hadithi hiyo hayatahesabiwa. Ikajulikana pia kwamba katika hadithi ya awali halikuwa nanasi bali bilinganya, na mwandishi wake akaeleza kwamba lilikuwa jambo la kuchekesha tu, ambalo hakulikusudia liulizwe maswali.

Kilichonigusa mimi ni ile mikono ya shati. Kwa Kiingereza, mtu mwenye hila aliyoificha husemwa kwamba ana kitu ndani ya mkono wa shati lake. Ndiyo maana mnyama mmoja alisema nanasi lina kitu mkononi mwa shati, na bundi akajibu kwamba nanasi halina mikono ya shati. Wapo waliosema basi mwenye hekima ni bundi. Sasa niambieni, wazee wangu: ni mtoto gani wa Kiluguru au wa Kizaramo atamchagua bundi? Kwa wenzetu bundi ni ndege wa hekima. Kwetu akitua juu ya paa usiku, bibi anatoka na kijinga cha moto kumfukuza, kwa sababu analeta msiba. Sisi mwenye akili ni Sungura, toka enzi na enzi. Mtoto wetu angemchagua Sungura na angekosa, si kwa sababu hajui kusoma, bali kwa sababu amesoma akiwa na bibi yake kichwani.

Na ni nani aliyeligundua tatizo la nanasi? Maswali yale yalipita mikononi mwa watu wazima wengi, kuanzia waliotunga, waliohakiki, mpaka waliochapa. Kelele ilianza kwa watoto waliokataa kunyamaza walipotoka chumbani.

Hata hivyo, wazazi wenzangu, si kila ubishi ni kusoma, na mtu asije akatoka hapa akasema mwalimu kafundisha kwamba kila jibu ni sahihi. Chini ya ule mwarobaini alikuwepo mtoto aliyeweka E, woga. Akasema mama aliogopa gari. Msichana wa Msamvu akamwambia, "Onyesha mstari." Akaichukua karatasi, akasoma kutoka juu mpaka chini, kidole kikitembea chini ya kila neno. Hapakuwa na gari. Pana barabara, lakini hapana gari. Akairudisha karatasi na kusema, "Nimelitia mwenyewe." Sikumbuki kama nimewahi kumsikia mtu mzima akikiri hivyo kwenye mkutano wowote.

Upo pia ubishi wa mapafu, ambao anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Upo wa kura, kumi wameweka A na wawili wameweka D, basi A imeshinda, kana kwamba ni uchaguzi wa kiranja. Na yupo mtoto anayetoka chumbani akiwa na matumaini, akasikia wenzake, akahesabu makosa yake kwa vidole, akalia njia nzima mpaka nyumbani. Huyo ndiye niliyekuwa nikimwonea huruma miaka yote ile nilipowafukuza. Huruma yangu haikuwa ya uongo. Ila dawa niliyoitumia ilikuwa ya kuwanyamazisha kumi na tisa ili mmoja asilie, na yule mmoja akaendelea kulia peke yake kwa sababu hata sababu ya kukosa hakuijua.

Tangu mwaka jana nimefanya jambo dogo. Baada ya kila jaribio la ufahamu hatusahihishi siku hiyo. Tunakaa kipindi kizima na karatasi zetu, kila mmoja ana yake, na kalamu zimewekwa chini. Sheria ni moja: ukisema jibu, onyesha mstari. Hukuonyesha mstari, kaa. Mimi mwenyewe nikishindwa kuonyesha mstari, ninakaa, na nimekaa mara tatu tangu Januari. Mtoto anayelia nampa nafasi ya kwanza ya kusema, kabla ya wenye mapafu. Sina takwimu za kuwaonyesha. Ninachoweza kusema ni kwamba watoto sasa hurudi kwenye habari mara ya pili bila kuambiwa, na kwamba yule wa kwenye mzizi anasema kila siku, wakati mwingine kupita kiasi.

Walimu wenzangu mtaniuliza kuhusu muda. Ni kweli, mada ni nyingi na mihula ni mifupi. Mimi nilikata mazoezi ya kunakili maswali ya miaka iliyopita ubaoni, ambayo yalikuwa yakila vipindi viwili kwa wiki, na sijayakosa.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi kutoka kwenye mtihani, tunamuuliza nini? "Umepata ngapi?" Hajui amepata ngapi, mashine ndiyo itakayojua, wiki kadhaa baadaye. Muulizeni mlibishania swali gani. Kisha mwacheni asimulie habari nzima, mama na Juma na turubai, na ninyi mchague upande. Msimwachie ashinde kwa sababu ni mtoto. Mwambieni aonyeshe mstari.

Karatasi zenye habari ya Juma nimeziweka mlangoni, kila familia ichukue moja. Mkigombana usiku, tafadhali msinipigie simu kabla ya saa moja asubuhi. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

Nilipokwisha kusema hayo, Mwenyekiti aliwaomba wazazi wanyooshe mikono. Wengi walisema ni mama aliyegeuza uso, na kina mama wengi wakasema alikuwa akilia. Kisha mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa, mwenye bakora, akasimama taratibu. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nauliza kitu kingine. Hilo turubai Juma alilichukua wapi? Maana kama ni la jirani, mambo yote yamebadilika."

Niliifungua karatasi yangu nikaisoma mbele yao, kutoka juu mpaka chini, kidole kikiwa chini ya maneno. Haikuandikwa. Nikakaa.